Jinsi ya kufundisha uhandisi wa programu wakati darasa zima lina AI mfukoni

Kabla sijasema ufanye nini naomba nianze na vitanda. Kundi moja la mwaka wa tatu waliniletea mfumo wa kugawa vitanda hosteli, unaingia, unachagua bweni, chumba, kitanda, unabonyeza, kitanda chako. Muonekano safi, databesi imekaa vizuri, na testi 14, yani vipimo vidogo vya kukagua kama mfumo unafanya kazi, zote kijani, maana yake zimepita. Nikawaambia haya mmoja afungue kwa laptopu mwingine kwa simu, chagueni wote kitanda kilekile, nikihesabu tatu bonyezeni. Mara ya kwanza mmoja akakataliwa, wakafurahi. Nikaomba waweke kwenye kodi, yani maandishi ya programu yenyewe, isubiri sekunde 5 kati ya pale inapoangalia kama kitanda kiko wazi na pale inapoandika jina, tukarudia, na wote wawili wakapewa kitanda namba 3 chumba kimoja. Kila mmoja na ujumbe wake wa hongera.

Kodi iliandikwa na AI na testi ziliandikwa na AI ileile, na hakuna testi hata moja iliyoweka watu wawili mlangoni kwa wakati mmoja. Sasa angalia kilichofuata, mana ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Nikawaambia iulizeni, watu wawili wakibonyeza kwa pamoja inakuaje? Ikajibu papo hapo, ikaeleza tatizo lote, ikasema wekeni kwenye databesi sharti kwamba kitanda kimoja kwa semista moja kinaandikwa mara moja tu, wa pili databesi yenyewe imkatae. Yaani ilikua inajua muda wote. Ila haikuulizwa.

Kwaiyo swali la kufundisha limehama. Zamani tulikua tunapima kama mwanafunzi anaweza kuandika hiyo kodi, sasa hivi inabidi tufundishe na tupime kama anajua cha kuuliza, cha kukataa, na kwanini. Mwongozo huu ni wa lekchara mwenzangu, TA (msaidizi wa kufundisha), au yeyote anaepewa somo la uhandisi wa programu lenye darasa kubwa, maabara yenye mashine chache na intaneti ya kubahatisha. Nimeujenga kwa semista kadhaa za kujaribu, chukua unachoweza.

Kwanza acha kuwawinda

Najua kishawishi kipo. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022 na semista iliyofuata kila ofisi ya walimu ilikua inatafuta kifaa cha kunasa. Mimi pia nilifanya hivo, na nataka nieleze kosa langu ili usilirudie. Nilipitisha ripoti za darasa kwenye programu moja ya kugundua maandishi ya AI, ikaniambia ripoti ya kijana mmoja ni ya mashine karibu yote. Nikamuita, nikamwambia maneno makali. Kesho yake akaja na daftari la mistari, ripoti nzima kaiandika kwa mkono kwanza, na kufuta na mishale na kila kitu, ndo akaichapa. Kiingereza chake kilikua cha sentensi fupi zilizonyooka, cha mtu aliyejifunza lugha darasani, na hicho ndo kilichomponza. Nilimuomba radhi mbele ya wenzake kwasababu tuhuma nayo ilishasambaa mbele ya wenzake.

Baadae nikaelewa kwamba halikua tatizo la programu moja. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walichukua insha 91 za TOEFL, yani za watu ambao Kiingereza sio lugha yao, wakazipitisha kwenye vifaa 7 vya namna hiyo na kwa wastani asilimia 61 zikasemwa ni za AI, na zilikua za watu kabisa. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikua na kifaa chao wakakifunga Julai 2023 kwasababu usahihi wake ulikua mdogo. Wanafunzi wetu karibu wote ni wa kundi hilo la TOEFL. Na hizo ni insha, kwenye kodi ndo balaa zaidi, kitanzi (loop) cha mistari mitano kinachojumlisha bei za bidhaa kitafanana tu hata wakikiandika watu mia.

Na usijidanganye kwamba utatunga asainimenti ngumu ambayo AI haiwezi. Chuo cha Auckland kule New Zealand walijaribu Codex, modeli ya OpenAI ya kuandika kodi, kwenye mitihani ya programu ya mwaka wa kwanza, na kati ya wanafunzi 71 ingeshika nafasi ya 17. Walichapisha matokeo hayo mapema 2022, kabla hata ChatGPT haijazaliwa. Modeli za leo ni za mbali sana na ile.

Sema wazi nini ruksa na lini

Kinachowaumiza wanafunzi ni kutojua. Mwalimu huyu anasema marufuku, yule anasema tumieni, wa tatu hasemi kitu alafu anakata maksi. Andika ukurasa mmoja, ubandike siku ya kwanza, na CR, mwakilishi wa darasa, aurushe kwenye grupu lao. Mimi nagawa semista vipande vitatu.

Wiki 1 mpaka 4, AI ni mwalimu wa ziada tu, haiandiki. Wanaruhusiwa kuuliza, kueleweshwa kosa, kuomba mfano wa kitu kingine tofauti na asainimenti. Harvard kwenye somo lao la CS50 walitengeneza kitu cha namna hii mwaka 2023, wakakiita bata, kutokana na ile desturi ya waandishi wa programu kumuelezea bata wa plastiki tatizo lao mezani mpaka wanaliona wenyewe. Bata wao amewekewa masharti amsogeze mwanafunzi kwenye jibu bila kumpa jibu. Sisi hatuna bata wetu lakini unaweza kuwapa wanafunzi maelekezo haya wayabandike mwanzoni mwa kila mazungumzo:

"Wewe ni mkufunzi wa somo la programu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Usiniandikie kodi ya kutatua tatizo langu hata nikikuomba. Niulize swali moja kwa wakati, subiri nijibu. Nikikosea niambie nimekosea wapi kwa mfano mdogo wa kitu kingine. Nikisema nimeelewa, nipe swali la kunipima. Nijibu kwa Kiswahili, maneno ya kitaalamu yaache kama yalivyo kwenye kodi."

Mwanafunzi anaweza kuyavunja masharti hayo kwa dakika moja, sawa, hilo nalijua. Ila wengi nimeona wanayatumia kweli, hasa wale ambao usiku wa manane hawana mtu wa kumuuliza na wanaogopa kuonekana hawajui.

Wiki 5 mpaka 10 AI inaandika, mwanafunzi anakagua na anaandika daftari, nitalieleza chini. Kuanzia wiki ya 11 ni projekti, ruksa kila kitu, lakini kila mwanakikundi anasimama peke yake mbele yangu kuitetea kodi. Hayo yote wayajue tangu wiki ya kwanza ili asije mtu akasema alishtukizwa.

Kukusanya mahitaji, hapa ndo AI inafaa kuliko watu wanavyodhani

Sehemu hii tukifundisha kwa slaidi inachosha sana, mana wanafunzi hawana mteja. Wanatunga mahitaji kichwani, "mfumo utamruhusu mtumiaji kuingia", basi. Sasa mpe AI nafasi ya mteja. Maelekezo ninayotumia ni kama haya:

"Wewe ni mwenye duka la rejareja mtaani, umri miaka 52, simu unatumia kupiga na kupokea hela tu. Unataka mfumo wa kukusaidia madeni ya wateja. Hujui maneno ya kompyuta na ukiyasikia unauliza maana yake. Una mambo matatu yanayokukera ambayo hutayasema mpaka uulizwe vizuri. Jibu kwa sentensi mbili tatu tu. Usimsaidie anaekuhoji kupanga kazi yake."

Kikundi kinamhoji dakika 20, wanachapa mahojiano, wanatoa mahitaji. Unaona wazi nani anauliza maswali ya ndio na hapana na nani anachimba. Na hata mwanafunzi mwenye aibu anapata nafasi ya kukosea bila kuchekwa.

Usiishie hapo. Wiki inayofuata watume dukani kwa mtu wa kweli, wakae nae, wanunue hata soda. Kundi moja walirudi na picha ya daftari la madeni la mama mmoja jirani na chuo, kwa ruhusa yake. AI walipoihoji ilikua imewaambia inahitaji jina kamili la mteja, namba ya simu na tarehe ya kulipa. Daftari la yule mama lilikua limeandikwa "Mama Rehema ghorofani, mchele nusu, mafuta", "fundi wa jana", "dogo wa bodaboda mwenye koti". Hakuna namba ya simu hata moja. Tarehe ya kulipa hakuna kwasababu wengine wanalipa wakipata. Na kuna ukurasa mzima umekatwa mstari mmoja mrefu, kumuuliza akasema hao msiba uliwapata, amewasamehe.

Ukiwa na daftari lile mezani unaweza kufundisha masaa mawili bila slaidi. Jina sio utambulisho. Deni linaweza kufutwa bila kulipwa, kwaiyo mfumo unahitaji hali ya tatu. Mteja wa AI ni mpole mno, ana muda, anajibu kila kitu kwa mpangilio, wakati yule mama alikua anawajibu huku anapima sukari na katikati anapokea simu. Mwaka 1986 Fred Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika kwamba ugumu wenyewe wa programu uko kwenye kujua kitu gani kijengwe, ugumu wa vifaa ni wa juujuu na unapungua kadri vifaa vinavyoboreshwa. Wanafunzi wakisoma hilo baada ya kutoka dukani wanaelewa kwa namna nyingine kabisa.

Testi waandike wao kwanza

Hapa ndo nilipobadilisha zaidi baada ya ile hadithi ya vitanda. Modeli ikiandika kodi alafu ukaiomba testi, mara nyingi inaandika testi za kuthibitisha kile ilichokwisha andika. Inakagua njia iliyopita, haikagui njia iliyoisahau. Kwaiyo utaratibu ni huu, mwanafunzi anaandika orodha ya matukio kwa Kiswahili cha kawaida kwanza, kwa mkono, bila AI. Alafu testi. Alafu ndo AI iandike kodi ya kupita hizo testi.

Zoezi dogo la kuanzia ni namba za simu za Tanzania. Waambie waiombe AI kipande cha kukagua kama namba ni sahihi. Lakini kabla hawajaomba kila mmoja aandike namba 10 ambazo lazima zikubaliwe na 10 ambazo lazima zikataliwe. Watu wataandika 0754 na tarakimu zake, 0655, +255 na tarakimu 9, 255 bila jumlisha, namba yenye nafasi katikati kama watu wanavyoichapa, namba yenye herufi O badala ya sifuri. Utakuta kipande walichopewa hakikubali 06, au kinakubali 07 pekee, au kinakataa yenye nafasi, au kinakubali +2550754 yenye sifuri iliyobaki katikati. Kila darasa nimelifanya hili zoezi na kila mara kuna kitu kinaanguka, na wanafunzi wanaanza kuelewa kwamba orodha yao ya namba 20 ndo iliyobeba maarifa.

Zoezi la pili, chukua kipande cha kodi kinachofanya kazi, iombe AI ipandikize mabagi matano, yani makosa, ambayo kompyuta haitayalalamikia wakati wa kuiendesha, wewe peke yako ndo ubaki na orodha. Wape vikundi saa moja wayatafute. Kwangu mimi kuandaa zoezi kama hili kulikua kunakula Jumamosi nzima, sasa ni dakika 15 pamoja na kuhakiki kwamba mabagi ni ya kweli, na uhakiki huo usiuruke, mara kadhaa imenipa "bagi" ambalo halibadilishi chochote. Omba ya pesa, omba ya tarehe, omba ya mipaka ya orodha. Kwenye pesa kuna lile la kutumia namba za desimali, mashine inakwambia 0.1 jumlisha 0.2 ni 0.30000000000000004, mwanafunzi akiliona kwa macho yake kwenye salio la mteja hasahau tena kuhifadhi pesa kwa namba kamili.

Na onyo moja kuhusu maktaba za programu, yani kodi iliyoandikwa na wengine unayoipakua na kuitumia kwenye yako. AI inaweza kukwambia sakinisha maktaba fulani na maktaba hiyo haipo duniani. Watafiti wa Marekani walizalisha sampuli 576,000 za kodi kwa modeli mbalimbali wakakuta majina ya kubuni zaidi ya 205,000. Mtu mbaya anaweza kulisajili jina hilo akaweka uchafu wake, na wewe ukasakinisha. Kwaiyo sheria darasani, kabla ya kusakinisha chochote fungua ukurasa wake, angalia ina umri gani, nani anaitunza, mara ya mwisho imeguswa lini. Dakika mbili tu.

Daftari la AI na historia ya Git

Git ni programu inayotunza historia ya kila badiliko la kodi, na folda ya projekti inayotunzwa nayo inaitwa repo. Kila repo iwe na feili moja la maandishi, sisi tunaliita DAFTARI. Kila wakitumia AI kwa kitu cha maana wanaandika mistari minne, niliomba nini, ilinipa nini kwa kifupi, nilichukua nini, nilikataa nini na kwanini. Usidai wabandike mazungumzo yote, utapata kurasa 300 na hutasoma.

Mimi nikisahihisha naenda moja kwa moja kwenye "nilikataa". Kundi ambalo halijakataa kitu chochote semista nzima lina tatizo. Mmoja aliandika hivi, na nimemuomba ruhusa kulitumia: "Ilitaka tuhifadhi pasiwedi kwenye databesi kama zilivyo kwa ajili ya kujaribu tu. Tumekataa kwasababu vya kujaribu ndo huwa vinabaki." Mstari huo umenionesha mengi kuliko ripoti yake ya kurasa 40.

Git nayo inakusaidia bila kumuonea mtu. Endesha git log uangalie komiti, yani kila mara walipohifadhi mabadiliko, zimetawanyika vipi. Projekti ya wiki 5 yenye komiti mbili, zote usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, ni ya kuongea nao. Usiikatie maksi hapohapo, kuna wanaofanyia kazi laptopu ya rafiki na kuna wanaohamisha kwa flashi kwasababu bando limekata. Uliza kwanza.

Kitu kingine kizuri ni kuwafanya wapime muda. Kabla ya kazi waandike wanadhani itachukua dakika ngapi kwa AI, baada ya kazi waandike ilichukua ngapi kweli. Kuna utafiti wa mwaka 2025 wa METR, shirika la kupima uwezo wa AI, waandishi wa programu 16 wazoefu, kazi 246 kwenye miradi yao wenyewe, walipotumia AI walichelewa kwa asilimia 19 huku wao wakiamini wameharakisha kwa asilimia 20. Wale walikua wazoefu kwenye kodi wanayoijua, mwanafunzi hali yake ni tofauti, ila hilo pengo kati ya unavyohisi na ilivyo nimeliona hata darasani kwangu, na mtu akiliona kwenye namba zake mwenyewe hakuna haja ya kumhubiria.

Bando, mashine, na wasio na hela

Usiweke asainimenti inayohitaji akaunti ya kulipia. Kuna mtoto wa mtu anasubiri bumu na kuna mwingine baba yake kamlipia modeli ya juu kabisa, ukiwapima kwa pamoja umepima mifuko. GitHub wamekua na mpango wa wanafunzi unaowapa Copilot, msaidizi wao wa AI wa kuandika kodi, bila malipo wakithibitisha uanafunzi wao, angalia kama bado unapokea wapya na wasaidie kujisajili mapema mana uthibitisho unaweza kuchukua muda, hasa wale ambao barua pepe ya chuo haifanyi kazi.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuweka modeli ndani ya maabara yenyewe. Programu inaitwa Ollama, inaendesha modeli kwenye mashine yako, ni bure, unaipakua mara moja. Modeli ya Qwen2.5-Coder ya ukubwa wa 7B (vigezo bilioni 7) ni kama GB 4.7 kupakua, ile ndogo ya 1.5B haifiki GB 1 na inatembea kwenye laptopu ya kawaida. Ipakue usiku au pale intaneti ilipo nzuri, iweke kwenye mashine moja yenye RAM ya kutosha, GB 16 ikiwezekana, na kama kuna kadi ya picha (GPU) ndo raha zaidi. Kisha iruhusu isikilize mtandao wa ndani kwa kuweka OLLAMA_HOST iwe 0.0.0.0, wanafunzi wanaifikia kwenye mlango (port) wa 11434 bila hata shilingi ya bando. Ifanye hivo kwenye mtandao wa ndani tu, usiianike intaneti. Na jaribu kabla ya siku yenyewe ukiwa na watu 10 kwa pamoja, mana mashine moja wakiiuliza watu 40 kwa mara moja itawapanga foleni ndefu, mimi nawagawa kwa zamu za vikundi.

Modeli hizi ndogo zinakosea zaidi, na Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Kwenye kufundisha ukaguzi wa kodi hiyo ni faida kabisa, makosa yanaonekana na hayajafichwa na lugha tamu. Ila kwenye zoezi la mwenye duka tumia modeli kubwa ya mtandaoni, ndogo inasahau kwamba yenyewe ni mteja, inaanza kukuandikia kodi.

Kuhusu taarifa za watu, kwa ufupi lakini kwa uzito. Wanafunzi wakienda kwenye zahanati, saccos au shule kukusanya mahitaji watarudi na majina na namba za watu. Yasiingie kwenye mazungumzo na AI ya mtandaoni. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zaidi ya sheria yule mtu alikuamini. Wafundishe kutengeneza data za mfano. Na wewe mwalimu pia, usibandike matokeo ya wanafunzi yenye majina ukaiomba AI ikutengenezee grafu.

Kusahihisha

Mgawanyo wangu wa projekti ni huu. Kodi inayofanya kazi asilimia 20 tu. Mahitaji na ushahidi kwamba wameongea na watu, 20. Testi, 20. Daftari na historia, 10. Vaiva ya mtu mmoja mmoja, yani kuhojiwa ana kwa ana, 30. Mwanzoni idara iliona 20 ya kodi ni ndogo, nikawaeleza kwamba hiyo ndo sehemu ambayo siku hizi inapatikana kwa bei rahisi kuliko zote, wakaelewa.

Watu wanaikimbia vaiva kwasababu ya wingi wa wanafunzi. Tupige hesabu. Wanafunzi 120 kwa dakika 7 ni dakika 840, yani masaa 14. Mkiwa watatu, wewe na TA wawili, ni kama masaa 4 na dakika 40 kila mmoja, siku moja ya kazi. Kusahihisha ripoti 120 za kurasa 40 ni zaidi ya hapo sana, na ripoti yenyewe huna uhakika nani kaiandika.

Kwenye zile dakika 7 fanya mambo mawili. La kwanza chagua wewe kipande cha kodi, sio yeye, muulize hiki kinafanya nini na ukikitoa nini kinaharibika. La pili omba badiliko dogo papo hapo, bila AI, "kitanda kiwe kinaachiliwa kama mtu hajalipa ndani ya masaa 48, ungegusa wapi?" Haandiki kodi, anakuonesha tu sehemu na anaeleza. Anaeifahamu kodi yake anaenda moja kwa moja kwenye feili, asieifahamu anaanza kupandisha na kushusha skrini. Maswali waandae TA wote kwa pamoja ili mwanafunzi asionewe kwa kupangiwa mtu mkali.

Na jambo moja ambalo naliomba kwa moyo wote, waruhusu wajibu kwa Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiingereza, sawa, ripoti iwe Kiingereza. Ila vaiva unapima uelewa, na kuna watu wanaelewa vizuri kabisa alafu Kiingereza kinawakaba koo mbele ya mwalimu wanaonekana hawajui kitu. Tangu nianze kuruhusu, maelezo yamekua marefu na makosa ya uelewa yanaonekana wazi zaidi pia, mana hakuna pa kujificha nyuma ya maneno ya kukariri.

Mwaka uliofuata baada ya lile kundi, dada mmoja alikuja na mfumo uleule wa vitanda, kundi lingine. Nikamuonesha lile sharti kwenye databesi nikamuuliza hili la nini wakati kodi yenu imeshaangalia kama kitanda kiko wazi. Alianza kwa Kiingereza akakwama, nikamwambia sema unavyojua. Akasema, "Sir ni kama choo cha hosteli. Kuchungulia ukaona hakuna mtu haitoshi, mpaka uingie ufunge komeo. Sasa hili ndo komeo." Nikamuuliza AI ndo ilikuambia hivo? Akasema hapana, AI iliandika ile ya kuchungulia, komeo walidai wao.

Nikampa 30.